Boti ya Alumini na Maji ya Chumvi: Kwa Nini Mshono Huliwa Kwanza, na Jinsi ya Kuulinda

Asubuhi moja katika gati la Mokowe, abiria walikuwa wamekwisha kupanda boti wakisubiri kuvuka kwenda kisiwani Lamu. Nahodha aliinua ubao wa sakafu kama afanyavyo kila siku kabla ya safari, akachungulia ngamani, kisha akanyamaza. Maji yalikuwa mengi kuliko ya jana. Akawaomba abiria wote washuke. Wapo walionung'unika, maana kila mtu alikuwa na haraka yake.

Maji yalipokupwa na boti kukaa mchangani, fundi alipitisha kidole kando ya mshono wa kuchomelea. Unga mweupe ukadondoka. Chini ya unga huo palikuwa na tundu dogo lisilozidi kichwa cha kiberiti.

"Lakini fundi, hapa palichomelewa mwaka jana tu," nahodha alisema.

"Ndiyo, nahodha. Na ndiyo sababu pameliwa hapa," fundi akajibu.

Jibu hilo ndilo somo letu katika toleo hili. Katika kaunti yetu boti ndiyo barabara. Mgonjwa kutoka Faza au Kizingitini, mwalimu anayerudi kazini Siyu, mizigo ya madukani Pate na abiria wanaoenda uwanja wa ndege wa Manda, wote hupita majini. Boti nyingi bado ni za mbao au za faiba, lakini alumini imezidi kuingia: boti za doria, boti za uokoaji, matangi ya mafuta, ngazi za gatini, na hata miguu ya injini za nje za wavuvi. Ni vyema kila mkazi, awe mwenye boti, fundi au abiria, ajue madini haya yanavyoishi na bahari.

Alumini ina ngozi yake

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba alumini haishiki kutu. Ni kweli kwamba haishiki kutu ile nyekundu ya chuma. Lakini huliwa, kwa namna yake.

Alumini inapokutana na hewa, papo hapo hujifunika kwa utando mwembamba wa oksidi. Utando huo una unene wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ingawa ni mwembamba kiasi hicho, ni mgumu na umeshikamana barabara na alumini iliyo chini yake. Ukikwaruzwa, hujiponya wenyewe mara moja mradi pawepo oksijeni. Kwa hiyo kinachoikinga alumini ni ngozi hii. Bila ngozi hii, madini yenyewe ni mepesi sana kuliwa.

Ngozi hiyo hudumu vizuri mahali ambapo hakuna asidi kali wala magadi makali. Katika kipimo cha pH, hutulia takriban kati ya 4 na 9. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8, kwa hiyo kwa upande huo hayana tatizo. Tatizo ni chumvi. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo ni kloridi. Kloridi hutafuta pahali ambapo ngozi ni dhaifu, hupenya, na kuanza kuchimba. Ndiyo maana alumini haiishi sawasawa kama sabuni bali hutoboka. Bamba zima linaweza kung'aa huku likiwa na tundu moja lililopenya hadi upande wa pili. Unga mweupe unaoonekana juu yake ni mabaki ya alumini iliyoliwa.

Jambo la pili ni oksijeni. Mahali ambapo maji yametuama bila hewa, kama vile chini ya mpira uliobanwa, chini ya zulia lenye unyevu, nyuma ya ubao uliolowa au ndani ya mwanya wa mabamba mawili yaliyopandana, ngozi haiwezi kujiponya. Hapo ulikaji huenda haraka kuliko palipo wazi.

Si kila alumini ni ya baharini

Alumini tupu ni laini mno kwa kujengea boti. Hivyo huchanganywa na madini mengine, na mchanganyiko huo huitwa aloi. Kila aloi ina namba, na namba hiyo ni muhimu kuliko sura ya bamba.

Aloi zinazoanza na 5 zimechanganywa na magnesi. Hizi ndizo za baharini. Inayojulikana zaidi ni 5083, yenye magnesi ya asilimia 4 hadi 4.9, na wenzake 5086 na 5383. Nyingi hustahimili maji ya chumvi hata bila rangi, zikitunzwa.

Aloi zinazoanza na 6, kama 6061 na 6082, zina magnesi pamoja na silikoni. Hutumika kwa nguzo, reli na mihimili. Hustahimili bahari kiasi, lakini si kama zile za 5.

Aloi zinazoanza na 2 zina shaba ndani yake. Ni ngumu na hutumika kwenye ndege, lakini maji ya chumvi huzila upesi. Hazifai kabisa kuwa kiraka cha boti.

Hapa ndipo makosa mengi ya vichochoroni huanzia. Fundi hupata kipande cha alumini kwenye vyuma chakavu, labda cha dirisha, cha bodi ya lori au cha mashine iliyovunjwa, akakikata na kukichomelea kama kiraka. Kwa macho, vipande vyote vya alumini hufanana. Baharini havifanani hata kidogo.

Moto unafanya nini kwenye bamba

Kuchomelea hubadilisha bamba kwa njia nne, na mwenye boti anapaswa kuzijua zote.

Kwanza, hupunguza nguvu. Kando ya mshono kuna ukanda mwembamba ambao haukuyeyuka lakini uliungua. Kwa aloi ya 6061 iliyokomazwa kiwandani, ukanda huo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kwa 5083 hasara ni ndogo, takriban sehemu moja kwa kumi. Hii ni sababu moja kubwa ya wajenzi kuchagua 5083 kwa mwili wa boti.

Pili, huharibu ngozi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, lakini oksidi inayoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi asipoisugua oksidi kabla ya kuanza, vipande vya ngozi hiyo huzama ndani ya mshono na kuacha nyufa ndogo. Unyevu, mafuta au jasho la mkono navyo huleta hidrojeni, ambayo huacha vitundu kama vya mkate. Kila kitundu ni mlango wa chumvi.

Tatu, huacha tofauti. Mshono, ukanda ulioungua na bamba la asili si kitu kimoja tena. Ndani ya maji ya chumvi, tofauti ndogo kama hiyo hutosha kuanzisha mkondo mdogo wa umeme, na sehemu iliyo dhaifu ndiyo inayotoa madini yake. Kwa kuwa ukanda wa kando ya mshono ni mwembamba na bamba ni kubwa, hasara yote hukusanyika mahali padogo.

Nne, hutokea kitu ambacho hakionekani kwa macho. Aloi zenye magnesi zaidi ya asilimia 3 hazipendi kukaa muda mrefu kwenye joto la kati, takriban nyuzi 65 hadi 200. Katika joto hilo magnesi hutoka taratibu na kujipanga kwenye mipaka ya chembe za madini, mfano wa udongo kati ya mawe ya ukuta. Maji ya chumvi yakifika, hula ule udongo na kuacha mawe. Bamba huonekana zima, kisha siku moja hupasuka. Kwa sababu hiyo, kupasha bamba la 5083 kwa moto wa gesi kwa muda mrefu ili kulinyoosha ni kosa. Vilevile, sehemu zilizo karibu na bomba la moshi wa injini zinahitaji kizuizi cha joto, na sitaha inayopigwa na jua la pwani kutwa nzima ipakwe rangi nyepesi, si nyeusi.

Hata wakubwa wamefundishwa na bahari

Tusidhani kwamba haya ni matatizo ya mafundi wadogo pekee. Jeshi la Majini la Marekani lilijenga meli 27 za aina ya Ticonderoga, ya kwanza ikianza kazi mwaka 1983. Sehemu ya juu ya meli hizo ilijengwa kwa aloi ya 5456, yenye magnesi ya karibu asilimia 5. Baada ya miaka mingi ya jua na chumvi, nyufa zikaanza kuonekana kwa sababu ile ile ya magnesi kujipanga kwenye mipaka ya chembe. Kuzitengeneza kumekuwa kazi ngumu, kwa kuwa bamba lililokwisha kuharibika namna hiyo hupasuka tena linapochomelewa.

Mfano wa pili ni meli ya USS Independence, yenye mwili wa alumini na urefu wa takriban mita 127, iliyoanza kazi Januari 2010. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba alumini iliyozunguka mitambo yake ya kusukumia maji ilikuwa inaliwa kwa kasi. Sababu ilikuwa kukutana kwa madini mawili tofauti, alumini na chuma, ndani ya maji ya bahari bila kinga ya umeme ya kutosha. Dawa iliyotumika ni kuongeza kinga hiyo, ambayo tutaieleza hivi punde.

Ikiwa meli ya thamani kubwa namna ile ilitobolewa na jambo ambalo mwanafunzi wa shule anaweza kulionyesha kwenye chupa, basi boti ya abiria ishirini haina budi kuangaliwa.

Madini mawili ndani ya maji ya chumvi

Weka madini mawili tofauti ndani ya maji ya bahari, yagusishe, na umekwisha kutengeneza betri. Moja litatoa umeme na kuliwa, jingine litapokea na kusalimika. Linaloliwa huitwa anodi, linalosalimika huitwa kathodi.

Kwa mpangilio wa baharini, kuanzia linaloliwa kwa urahisi zaidi: magnesi, kisha zinki, kisha alumini ya boti, kisha chuma cha kawaida, kisha shaba, na mwishoni stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Kila lililo juu hujitoa kafara kwa lililo chini yake.

Kutokana na mpangilio huu tunapata mambo mawili. Jambo la kwanza ni onyo. Alumini ikigusana na shaba au chuma, ni alumini itakayoliwa. Kipande cha waya wa shaba kilichodondoka ngamani wakati wa kutengeneza taa kinaweza kutoboa bamba kikiachwa hapo. Valvu ya shaba iliyofungwa moja kwa moja kwenye alumini italila bamba pembeni yake. Bolti za stenlesi hutumika, lakini zitiwe washa za plastiki na gundi ya kuzuia maji ili zisigusane na bamba.

Angalia pia ukubwa. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bamba kubwa la alumini huleta madhara kidogo. Kinyume chake, kiraka kidogo cha alumini kwenye sehemu kubwa ya chuma huliwa upesi sana.

Jambo la pili ni dawa. Tukifunga zinki kwenye alumini, zinki ndiyo italiwa badala ya boti. Hicho ndicho kile kipande ambacho wavuvi wetu hukiita zinki kwenye mguu wa injini. Si pambo. Ni mlinzi anayekufa ili injini ipone.

Kuchagua na kupima zinki

Zipo anodi za aina tatu sokoni. Za zinki zimezoeleka na hufaa maji ya bahari. Za aloi ya alumini, zilizotiwa zinki na indiamu kidogo, hufaa bahari na pia maji yaliyochanganyika na ya mto. Anayepeleka boti yake hadi Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, ana sababu ya kuzipendelea, kwa kuwa zinki kwenye maji yasiyo na chumvi ya kutosha hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi. Za magnesi ni za maji baridi ya mito na maziwa pekee. Ukizifunga kwenye boti ya alumini baharini, husukuma umeme mwingi kupita kiasi. Maji yanayogusa bamba hugeuka kuwa magadi makali, rangi hutoka malengelenge, na alumini huliwa upya kwa upande mwingine. Kinga ikizidi huwa madhara.

Kiasi gani kinatosha? Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya zinki hutoa takriban ampea-saa 780 kabla ya kwisha. Kilo moja ya anodi ya aloi ya alumini hutoa takriban 2,500. Tuseme, kwa mfano, boti inahitaji mkondo wa ampea 0.1 mfululizo. Mwaka una saa 8,760, hivyo inahitaji ampea-saa 876 kwa mwaka.

Kwa zinki: 876 kugawanya kwa 780 ni takriban kilo 1.1.
Kwa aloi ya alumini: 876 kugawanya kwa 2,500 ni takriban kilo 0.35.

Kwa kuwa anodi hubadilishwa ikiwa imebaki nusu, zidisha mara mbili: kilo 2.2 za zinki, au kilo 0.7 za aloi ya alumini. Mahitaji halisi ya kila boti hutegemea ukubwa wake, hali ya rangi na kasi ya maji, na fundi mwenye mita ya umeme na elektrodi maalumu ya fedha anaweza kuyapima. Boti ya alumini iliyolindwa vizuri husoma kati ya volti −0.90 na −1.10 kwa elektrodi hiyo.

Kanuni tatu za kukumbuka kuhusu zinki: usiipake rangi kamwe, kwani ikifunikwa haifanyi kazi. Hakikisha imegusana na alumini safi, si juu ya rangi. Na ukiona haijaliwa hata kidogo baada ya miezi mingi, usifurahi. Huenda haijaungana na boti, na boti ndiyo inayoliwa.

Rangi, na sumu ya shaba

Mafundi wa Matondoni wanajua tangu zamani kwamba chombo cha mbao hutiwa kalafati na kupakwa deheni. Alumini nayo ina taratibu zake.

Osha bamba kwa sabuni na maji matamu hadi mafuta yote yaishe. Sugua kwa msasa au brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, kwa maana brashi iliyotumika kwenye chuma huacha chembe za chuma zitakazoshika kutu na kuila alumini. Paka rangi ya kwanza ya epoksi inayofaa alumini ndani ya saa chache baada ya kusugua, kabla ngozi mpya haijakomaa na kushika uchafu. Kando za mabamba na mishono zipakwe kwa brashi mara ya ziada, kwa kuwa hapo ndipo rangi huwa nyembamba.

Kwa rangi ya kuzuia chaza na mwani, soma kopo kabla ya kununua. Rangi nyingi za aina hiyo hutumia oksidi ya shaba kuua viumbe. Kwenye mbao na faiba hazina neno. Kwenye alumini ni sawa na kuipaka boti adui yake. Uliza rangi isiyo na shaba, iliyoandikwa kwamba inafaa alumini. Hilo linahusu pia mguu wa injini kwenye boti ya mbao au ya faiba: mwenye boti asiendelee na brashi ile ile kutoka kwenye mwili wa chombo hadi kwenye mguu.

Umeme wa betri unaopotea

Kuna mwizi mwingine mwenye kasi kuliko wote. Waya wa betri uliochubuka na kugusa bamba, au pampu ya ngamani yenye waya uliolowa, huweza kupitisha umeme kwenye mwili wa boti kwenda baharini. Umeme huo hutoboa alumini kwa muda wa siku au wiki, ambapo chumvi peke yake ingehitaji miaka.

Kwa hiyo mwili wa boti ya alumini usitumiwe kama njia ya kurudisha umeme kama inavyofanywa kwenye magari. Kila kifaa kiwe na nyaya mbili, ya kwenda na ya kurudi, na nyaya zipite juu ya usawa wa maji ya ngama. Zima swichi kuu ya betri kila boti inapofungwa gatini.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

Ukipeleka boti kuchomelewa, iwe ni mali yako binafsi, ya kikundi au ya umma, una haki ya kuuliza maswali haya. Fundi mzuri hatakasirika.

1. Boti hii ni ya aloi gani, na kiraka ni cha aloi gani? Kwa mwili wa boti, jibu liwe la familia ya 5, na iwepo karatasi ya muuzaji inayoonyesha namba.

2. Unatumia waya gani? Kwa 5083, waya wa 5183 ndio unaolingana nayo, na 5356 hutumika pia. Waya wa 4043, wenye silikoni, haufai kwa 5083 kwa sababu huacha mshono unaokatika kwa urahisi.

3. Unachomelea kwa njia gani? Mashine inayotumia gesi ya agoni hutoa mshono safi. Vijiti vyenye dawa ya unga huacha mabaki ya kloridi na floridi ambayo, yasipooshwa yote, hula mshono kuanzia siku ya kwanza.

4. Utasafisha vipi kabla ya kuanza? Mafuta yaondolewe kwanza, kisha oksidi isuguliwe. Ukisugua kabla ya kuondoa mafuta, unayapaka mafuta ndani ya bamba.

5. Mshono utakuwa mfululizo? Mshono wa kuruka-ruka chini ya maji huacha mianya inayofuga chumvi. Sehemu inayokaa majini ifungwe pande zote.

6. Utaupima vipi? Kipimo cha rangi nyekundu inayopenya nyufa hakina gharama kubwa, na huonyesha ufa ambao jicho halioni.

Kazi za kila siku za mwenye boti

Osha boti na mguu wa injini kwa maji matamu baada ya safari, na zungusha maji matamu ndani ya injini pale inapowezekana. Fungua sakafu, kausha ngama, ondoa waya, misumari na vipande vya chuma. Usiache zulia, gunia au ubao uliolowa juu ya bamba.

Kila mwezi, chungulia zinki zote. Ikibaki nusu, badilisha.

Wakati wa kusi, vyombo vingi vinapopandishwa pwani kusubiri bahari itulie, tumia nafasi hiyo kukagua mishono yote mmoja baada ya mwingine. Tafuta unga mweupe, malengelenge ya rangi na mistari myembamba kando ya mshono. Ukiona unga, usiufute tu na kupaka rangi juu. Kwangua hadi madini safi yaonekane, kisha pima kina.

Boti za abiria zinapaswa kukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na wavuvi wanaweza kupitia kamati ya usimamizi wa ufuo wao ili kupata ushauri. Abiria naye ana wajibu: akiona maji yakizidi sakafuni au bamba lililochimbika, amwambie nahodha kabla ya safari, si katikati ya mkondo.

Jaribio kwa wanafunzi

Walimu wa sayansi wanaweza kuonyesha somo hili kwa chupa tatu za kioo zilizojazwa maji ya bahari. Kata vipande vitatu sawa kutoka sufuria kuukuu ya alumini na uvisugue. Kipande cha kwanza kiwekwe peke yake. Cha pili kizungushiwe waya wa shaba uliochunwa. Cha tatu kifungwe pamoja na kipande cha zinki kuukuu ya injini kilichosuguliwa hadi king'ae. Viacheni kwa wiki tatu, na kila siku wanafunzi waandike wanachokiona. Mwishoni kila kikundi kijibu: unga mweupe ulianza wapi, kipande kipi kimechimbika zaidi, na ni kitu gani kililiwa katika chupa ya tatu?

Maswali mengine ya kujipima, kwa msomaji wa nyumbani: Kwa nini zinki isiyoliwa ni dalili mbaya? Kwa nini rangi ya kuzuia chaza inayofaa jahazi la mbao inaweza kuharibu boti ya alumini? Na kwa nini kiraka cha mwaka jana kiliwahi kutoboka kabla ya bamba la miaka kumi?

Wahenga wa pwani walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Abiria walioshushwa Mokowe asubuhi ile walichelewa kwa saa nzima hadi boti nyingine ilipopatikana, na wengine waliendelea kulalamika hadi ng'ambo. Walifika wote. Nahodha yule hakuwa na kipimo chochote cha kisasa. Alikuwa na mazoea ya kuinua ubao na kutazama, na alijua maji ya jana yalifika wapi.